Jaketi la boti ni nguo, lipimwe kama nguo

Idi ikishapita magauni hupungua mezani kwangu, na majaketi ya boti, haya ya kujiokolea majini, huanza kuja. Huja ndani ya viroba, yamefungwa kamba mafundo kwa mafundo, yananuka petroli na shombo, na anayeyaleta huwa kijana aliyetumwa tu: "Bi Fundi, nahodha kasema uyatie mikanda, kesho kutwa wanakuja kukagua."

Mie ni fundi cherehani wa Mkoani, Pemba. Kibanda changu kiko kwenye ule mpando wa kutoka bandarini, ambao kila anayeshuka melini na mizigo yake anaulaani. Kazi yangu ni magauni, sare za skuli na mapazia. Haya majaketi yalinifuata kwa sababu ya cherehani kizito nilichokinunua kwa fundi viatu mmoja aliyeacha kazi. Sindano yake inapita kwenye mkanda wa nailoni uliokunjwa mara tatu na haikatiki. Habari ikaenea pwani, na sasa wapo wenye boti wanaonijua kwa majaketi kuliko kwa mishono ya harusi.

Kwa hivyo nimeyaona majaketi yetu kwa ndani, upande ambao abiria hauoni, na mara nyingi hata mkaguzi hauoni, maana yeye anahesabu na kutazama ganda. Anayefumua ni mie. Nitasema ninayoyakuta humo, kisha nitasema jambo linalonikera zaidi, ambalo halihusu ubovu wa jaketi hata kidogo.

Nianze na ya ndani. Jaketi moja lililetwa likiwa na mshono mpya ubavuni, kazi safi, mtu kaihangaikia. Nilipofumua nikakuta sponji ya godoro, ya kijani, imekatwa kwa kisu. Mwenyewe hakuwa na nia mbaya. Sponji ya asili ilimeguka ikamwagika, naye akajaza aliyoikuta nyumbani. Tatizo ni kwamba sponji hazifanani. Ile ya jaketi vitundu vyake vimezibwa kila kimoja peke yake, maji hayana pa kupita. Ndara nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa sponji ya ukoo huo, ndiyo maana ndara iliyokuponyoka baharini huja kuokotwa ufukweni baada ya miezi, bado inaelea. Sponji ya godoro vitundu vyake vimefunguana. Itie ndooni: mwanzo itaelea, ikuchekee. Ibane mara moja chini ya maji uiachie, imeshajaa.

Najua watu wa Pemba wanaliamini godoro, na wana sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja kwetu, wapo waliookolewa wakiwa wameshikilia magodoro. Hakuna mtaa hapa usiokuwa na mtu wa kukusimulia habari ya usiku ule. Lakini godoro zima lina hewa nyingi, na likiwa bado limo kwenye nailoni yake hubeba mtu muda mrefu. Kipande kuukuu kilichokatwa na kufichwa ndani ya kitambaa cha rangi ya chungwa ni kitu chengine kabisa. Kinamwambia aliyekivaa uongo.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, angeniambia nitie sufi, na asingekosea sana. Kabla ya sponji za viwandani majaketi ya meli yalijazwa sufi, hii hii ya misufi inayopeperuka ikakwama kwenye nywele za watoto. Kila unyuzi wake ni kibomba chenye hewa, na nje una nta isiyopenda maji. Ubaya wake, ikikaliwa inalala bapa na haiinuki tena, na ikilowa mafuta inaacha kuelea na inashika moto upesi. Kabla ya sufi yalikuwepo makoti ya vizibo. Uingereza mwaka 1854 nahodha Ward wa chama cha uokozi baharini alitengeneza koti la vipande vya gome la mti wa vizibo vilivyoshonewa kwenye turubai. Mwezi wa Februari 1861, mji wa Whitby, boti la uokozi lilipinduka katika dhoruba likiwa na watu kumi na tatu. Akatoka mmoja, Henry Freeman, na ndiye aliyekuwa amevaa koti hilo jipya. Kila nikichoka na majaketi ya watu humkumbuka huyo Freeman, na zaidi ya yeye yule fundi asiyejulikana aliyevishona vile vizibo visichomoke.

Kulipima jaketi nina njia yangu, ya kienyeji lakini haidanganyi. Majaketi hupewa namba kwa nyutoni: 50, 100, 150, 275. Gawa kwa kumi upate, kwa kukadiria, kilo linazoweza kuzishikilia juu ya maji. Usishtuke kuona ni chache. Mwili wa mtu ukiwa majini unajibeba karibu wote, na mtu mzima anahitaji nyongeza ya kilo tatu mpaka tano tu ili kichwa kibaki nje. Kwa hiyo la nyutoni 50 linamfaa anayejua kuogelea, aliye karibu na pwani na mwenye fahamu zake. La 100 kwenda juu limeshonwa na kola na sponji nyingi kifuani ili aliyezimia ageuke, uso utazame juu. La 50 halikumuahidi mtu jambo hilo.

Basi naazima mawe ya mizani, yale ya chuma, kwa jirani yangu wa dukani. Jaketi lenyewe linalala kwanza kwenye pipa la maji usiku na mchana, limekandamizwa na tofali. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea melini zinataka jaketi likishazamishwa saa 24 kwenye maji baridi, yasiyo ya chumvi, lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake ya kuelea. Siku ya pili maji yakijaa nateremka nalo pwani, nalifunga mawe chini yake. Chuma kikiwa majini hupungua uzito, kilo kumi na mbili hubaki kama kumi, na kumi ndizo linazodaiwa jaketi la nyutoni 100. Likizibeba, namrudishia mwenyewe. Likizama nazo, nalikata mikanda palepale na kuitia kwenye kopo langu la mikanda, ili asije mtu akalichukua tena. Nimegombana na watu kwa hilo. Vijana wa pwani nao wamenizoea, wananiita Bi Mizani.

Vinavyoyaua majaketi si vya ajabu. Jua ndilo la kwanza: rangi ya chungwa ikishakuwa kama ya papai bovu, kitambaa kinachanika kwa ukucha. La pili ni kukaliwa. Ubao wa boti ni mgumu, jaketi ni laini, na hakuna abiria anayejizuia. Petroli ni la tatu, maana jaketi na dumu hulala pamoja chini ya omo, kule mbele ya boti. Panya nao wana sehemu yao. Na uzi! Mtu akishona mkanda wa jaketi kwa uzi wa pamba, chumvi na unyevu vinaula kimyakimya, unaona mshono upo, ukivuta hakuna kitu. Mie natumia uzi wa polista, na mshono wa mraba wenye msalaba katikati, kama wa mikanda ya mabegi ya wanajeshi. Jengine: jaketi lenye cheti likikatwa au kuongezwa sponji, cheti chake kimekwisha, hata kama kibandiko bado kinasomeka. Mikanda, bizimu na filimbi nabadilisha. Sponji siigusi.

Sasa lile linalonikera.

Hakuna mwanamke anayeingia kwangu akasema "nishonee gauni" akatoka hajapimwa kifua. Lakini boti inajaa, mama mwenye mwili wake, mtoto wa skuli, mzee aliyekonda, na wote wanarushiwa majaketi ya kipimo kimoja kutoka kiroba kimoja, kama wanagaiwa halua ya arusi. Wengine wanaliweka mapajani. Wengine wanapitisha kichwa tu, mikanda inaning'inia. Nahodha anatazama, anaona rangi ya chungwa kila mahali, ameridhika, anawasha mashine.

Jaketi ambalo halikukaza ni mzigo wa shingoni. Maji hulisukuma juu na mwili hubaki chini, hivyo lisipobanwa kifuani litapanda mpaka masikioni, likuzibe uso, au litoke lote kichwani na likuache. Jaribuni mkiwa nchi kavu. Vaa, funga bizimu zote, kaza, nyanyua mikono, halafu mwenzio alishike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likifika kidevuni, kaza tena au chukua jengine. Mtoto wa miaka sita akivalishwa la mtu mzima, kwa mvuto huo huo anabaki amesimama chini na jaketi limo mikononi mwako. Nawaonyesha akina mama pale kibandani, na wanaguna.

Kwa watoto zile kanuni za meli zimepima kwa uzito. Chini ya kilo 15 ni saizi ya mtoto mchanga, kilo 15 mpaka chini ya 43 ni ya mtoto, 43 kwenda juu ni ya mtu mzima. Meli ya abiria ya safari za kimataifa inatakiwa ibebe majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya abiria wote. Boti ya kuvukia kwenda kisiwa cha Makoongwe haimo kwenye kanuni hizo. Ya kwetu husajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Lakini mtoto wa Makoongwe naye ana kilo zake, na asubuhi nusu ya boti huwa ni wanafunzi. Jaketi la mtoto lina kola kubwa ya kuinua kichwa, maana kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake, lina mshikio nyuma ya shingo wa kumnyakulia, na lina mkanda unaopita katikati ya miguu.

Huo mkanda wa katikati ya miguu ndio uliniletea mjadala mrefu na wanawake wa mwani. Wao wanatoka na boti kwenda kwenye mashamba yao, na mmoja wao, bi mkubwa mwenye sauti, aliniletea jaketi akaniambia niukate ule mkanda.

"Kwa nini, bi mkubwa?"

"Mwanangu, mie nipitishe kamba hapa mbele ya wanaume, na baibui langu likunjane kama suruali? Heri nizame na heshima yangu."

Wenzake wakacheka, lakini alikuwa hatanii, na mie sikumwona mpumbavu. Aliyelikata jaketi lile kiwandani hakumfikiria mwanamke aliyevaa baibui, kanga na gauni chini yake. Tukakaa tukatafuta njia. Kwa watu wazima tulichokubaliana ni mkanda mpana wa kiunoni, unaokaza chini ya kifua, na mwengine mwembamba wa ubavuni kila upande, ili jaketi lishike kiwiliwili hata bila kupita katikati ya miguu. Tulijaribu maji ya kiuno, wanawake peke yetu, hakuna mwanamme pwani. Lilipanda kidogo, halikutoka. Si sawa na mkanda wenyewe, nasema wazi, lakini mwanamke atalivaa, na lile lenye mkanda wake wote angelikalia. Kwa watoto sikukubaliana nao: wa mtoto unabaki, na ukifungwa usilegezwe.

Mengine tuliyoyaona siku ile: jaketi liwe juu ya baibui, lisiwe ndani. Ukilivaa ndani, ukitota huwezi kulikaza wala kulivua, na mtu wa kukuvuta hana pa kushika. Kanga ya kujitanda ifungwe au itiwe mkobani, kwa sababu ikishalowa inajizungusha mikononi. Watu husema nguo ikilowa inakuzamisha kwa uzito. Majini haina uzito mkubwa hivyo, inazuia miguu na mikono kufanya kazi, na uzito wake utaujua wakati wa kupandishwa botini. Ndiyo maana wanaomvuta mtu wamshike jaketi mabegani, wasimvute kwa nguo.

Na mbeleko. Hapa naomba kila mama asome polepole.

Mama anavuka na mtoto mgongoni, kafungwa mbeleko vizuri, kalala. Anapewa jaketi analivaa kwa mbele, mara nyingine mtoto yumo ndani ya mikanda, mara nyingine nje. Anaona wote wawili wamepona. Lakini lile jaketi zuri, la nyutoni 100 au 150, limetengenezwa kumlaza aliyelivaa chali, uso juu. Mama akilala chali juu ya maji, aliye mgongoni yuko wapi? Chini yake, uso ndani ya maji, amefungwa fundo ambalo mama hawezi kulifikia. Jaketi linafanya kazi yake sawasawa, na linafanya dhidi ya mtoto.

Nilipomwambia hivyo mzazi mmoja pale mezani kwangu alinyamaza, kisha akamshusha mwanawe mgongoni palepale kibandani, hajafika hata pwani. Basi: kabla ya kupanda boti, mbeleko ifunguliwe. Mtoto awe mbele, mikononi, na awe na jaketi lake mwenyewe la saizi yake. Asifungwe kwako, wala kwenye boti, kwa kamba yoyote. Na mchanga ambaye hakuna jaketi linalomkaa, kama safari si ya lazima, isubiri. Walinzi wa pwani wa Marekani wanashauri hivyo hivyo, kwamba mtoto mchanga asipande chombo kidogo mpaka afikie uzito wa kulitosha jaketi, na kabla ya safari ajaribishwe nalo kwenye maji ya kina kifupi. Najua safari zetu nyengine ni za hospitali na hazisubiri. Hapo ndipo ningependa kila boti ya kuvukia iwe na majaketi ya wachanga hata mawili tu, makavu, mahali panapojulikana.

Baada ya abiria, manahodha. Ami yangu ni nahodha, na huyu ndiye mteja wangu msumbufu kuliko wote. Nilimpelekea majaketi ya boti yake mwenyewe bandarini.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Yote yako tayari?"

"Yote, ya abiria. Lako sikuliona kwenye kiroba."

"Langu la nini? Bahari hii naijua tangu sijavaa suruali."

"Najua ami. Lakini ukianguka, hawa abiria wote wana majaketi na hakuna hata mmoja anayejua kuishika mashine."

Hakunijibu, akauliza bei. Lakini jambo hilo si la mzaha. Anayekaa tezini, nyuma ya boti, na mkono kwenye mashine ndiye aliye karibu zaidi na kuanguka: wimbi likipiga ubavuni wengine wamekaa chini, yeye kanyanyuka anatazama mbele. Mashine nyingi za kufunga nyuma zina ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, upande mmoja kwenye kitufe na upande wa pili kwa nahodha, akidondoka mashine inazima. Nyingi nilizoziona kamba yake imefungwa moja kwa moja kwenye mashine yenyewe, isisumbue. Boti hiyo ikimtupa nahodha itaendelea na safari na abiria wake, au itazunguka imrudie yeye na panga zake. Kwa ami nimeshona pete ndogo kwenye jaketi, upande wa kulia, ya kunasia kamba hiyo. Alisema ni urembo. Mara nyingine namwona kavaa.

Abiria nao wanamtazama yeye. Yeye akiwa na fulana tu, mwanafunzi wa darasa la sita atavaa kwa nini? Na safari mbaya kuliko zote kwa jambo hili ni za maziko. Watu wana haraka, wana huzuni, kila mtu anataka boti ya kwanza, hakuna wa kumwambia mfiwa "teremka, tumejaa". Januari 2022 boti iliyokuwa na watu wanaokwenda mazikoni Kisiwa Panza ilipinduka, wakafa watu. Wafiwa ni majirani zetu, sitaongeza neno juu ya siku ile. Nasema tu kwamba siku ya maziko ndiyo siku ya nahodha kuwa mkali.

Kuna wanaonijibu kuwa wakikutwa na msukosuko watavaa. Jaribu kulivaa jaketi ukiwa tayari majini. Linaelea, linakukimbia, bizimu huzioni, na mikono unayoihitaji kufunga ndiyo inayokuweka juu. Zile kanuni za meli zinataka jaketi ambalo watu wengi wasiolizoea wanaweza kulivaa sawasawa ndani ya dakika moja, bila msaada, nao wamesimama pakavu. Dakika moja na boti yetu, bamvu, yale maji makubwa ya mwezi, likiwa linavuta na kusi linapiga, ni muda mrefu. Marekani, nchi yenye maziwa na boti za starehe kila jimbo, sheria ya taifa inataka kila aliyemo botini awe na jaketi lake la kumtosha, na kuvaa kumelazimishwa kwa walio chini ya miaka 13 chombo kikiwa safarini, pale jimbo lisipokuwa na sheria yake. Wakubwa wameachiwa wenyewe. Ripoti zao za kila mwaka zinasema kati ya waliozama na ikajulikana kama walivaa au hawakuvaa, zaidi ya wanane katika kila kumi hawakuvaa.

Kaka yangu anavua dagaa Ukerewe, Ziwa Victoria, na alipoagiza majaketi kwangu alidhani ziwa ni nafuu kwa sababu halina bamvu wala mkondo kama wetu. Nilimwambia kinyume chake. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa kama sehemu mbili na nusu kwa mia. Mtu wa kilo 60 anayezoea kuelea Mkoani, akiingia ziwani, anapoteza kilo moja na nusu hivi za kubebwa, na kichwa kinachotaka kutoka nje ni cha kilo tatu mpaka tano tu. Jaketi lililochoka ambalo huku lingekupa nafasi, kule halikupi. Na usisahau MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati ya Ukara: kivuko cha kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi mia mbili. Kaka mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari za ziwa lile, jinsi upepo wa usiku na radi vinavyoshuka ghafla wakiwa na taa zao za dagaa. Wavuvi wake wanalalamika jaketi nene linawazuia kuvuta nyavu, na nawaelewa. Nilimpelekea ya nyutoni 50, membamba, mikono wazi. Kwa mvuvi anayejua kuogelea naona hilo mwilini ni bora kuliko la 150 lililolazwa chini ya omo. Kwa abiria asiyejua kuogelea jibu langu ni jengine, la 100 au zaidi, na kola.

Yale ya kujaza kwa gesi, yanayovaliwa kama mkanda mdogo shingoni, watalii huyapenda. Ni mazuri kwa mwenye kuyatunza. Kichupa cha gesi kikishatumika lazima kibadilishwe, na hapa Mkoani sijui pa kukinunua, kwa hiyo siyapokei.

Kwa wenye boti wanaonisoma: jaketi lisuuzwe maji baridi, lianikwe kivulini, lisifungwe fundo. Filimbi ifungwe kwa kamba yake, na kwa wanaovuka usiku, kitambaa cha kung'aa mabegani, ninacho. Mikanda yote ya jaketi moja ni shilingi elfu tatu, bizimu mbali. Majaketi ya watoto nashona kwanza na bei ni nusu. Yaje makavu, na yaje mapema. Anayeniletea kiroba jioni ya kuamkia ukaguzi atayakuta kama alivyoyaacha, maana kuna sare za skuli zinanisubiri.